Sufuria Tatu za Jumapili: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Iliyoanza Kuandaa Chakula cha Wiki

Kuhusu kisa hiki

Kazi yangu ni kushauri familia kuhusu lishe na uendeshaji wa jiko. Kisa hiki ni cha nyumba moja niliyofuatana nayo kwa wiki 10. Wenyewe wamekubali kiandikwe. Majina, kazi na mahali nimeviondoa, na mambo madogo yasiyogusa funzo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Mzazi wa kike nitamwita Mama, wa kiume Baba, na watoto Mkubwa (miaka 11) na Mdogo (miaka 6).

Nimekichagua kwa sababu mpango wa kwanza ulivunjika, na mimi ndiye niliyekuwa nimeupitisha. Wengi wanaojaribu kupika chakula cha wiki kwa siku moja hukwama palepale walipokwama hawa, kisha hujihukumu kuwa wao si watu wa mpangilio. Hukumu hiyo inaniuma, maana mara nyingi kosa huwa kwenye mpango, si kwa mpishi.

Hali ya nyumba

Mama anafanya kazi ya zamu: siku nyingine anafika nyumbani saa 12 jioni, nyingine saa 2 usiku. Baba hurudi saa 12 karibu kila siku. Jiko lao ni la pleti tatu, na friji ni ya ukubwa wa kati yenye friza ndogo juu. Wote wawili wanajua kupika, na Mama anapika vizuri sana.

Siku ya kwanza tulipoketi, Mama aliniambia hivi: "Dada, kupika hakunichoshi. Kinachonichosha ni ile saa 12, sijavua hata viatu, mtu ananiuliza leo tunakula nini na mimi sijui."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Lau ningeyasikiliza vizuri siku ile, wiki ya kwanza isingekwenda ilivyokwenda. Alikuwa amenitajia ugonjwa wenyewe: kuamua chakula jioni, mwili umechoka na watoto wana njaa. Mimi nikasikia kwamba hana muda wa kupika, nikampa dawa ya ugonjwa mwingine.

Wiki ya kuandika tu

Kabla ya kubadilisha chochote niliwaomba waandike kwa siku 7 kila kilicholiwa usiku, saa waliyoanza kula, kilichokuwa ndani ya friji, na kilichotupwa. Mkubwa ndiye aliyeshika daftari, na aliandika bila kumwonea mtu haya.

Jioni 4 kati ya 7 walinunua chakula kilichopikwa nje. Jioni moja watoto walikula mkate na mayai, wazazi wakala saa 3 usiku kila mtu kwa wakati wake. Jioni 2 zilizobaki Mama alipika kuanzia mwanzo, na kila mara ilichukua zaidi ya saa nzima. Kwenye ukurasa wa vilivyotupwa kulikuwa na fungu la mboga za majani lililoozea ndani ya mfuko wake, nyanya 6 zilizolainika, na bakuli la mchuzi ambalo hakuna aliyekumbuka lilipikwa lini.

Nilichokiona muhimu zaidi ni kwamba friji haikuwa tupu hata jioni moja kati ya zile 4 za kununua nje. Ndani yake mlikuwa na nyanya, mayai, vitunguu, na kuku mbichi aliyeganda kama jiwe. Chakula kilikuwapo. Kilichokosekana ni chakula kilichokwisha kufika nusu ya safari, ambacho mtu aliyechoka angeweza kukimalizia.

Jumapili ya kwanza

Mama alikuwa ameona picha za vyombo 20 vimepangwa mstari, kila kimoja kina wali upande huu na mboga upande ule, na alitaka jiko lake lifanane na picha. Mpango wake ulikuwa na mapishi 7 tofauti. Niliyapunguza yakawa 5, nikadhani nimemsaidia.

Alianza saa 3 asubuhi. Maharagwe yalipaswa kulala kwenye maji usiku kucha. Yeye alikumbuka asubuhi ile yalipokuwa yameshabandikwa. Yakakaa motoni karibu saa 3, yameshika pleti moja peke yake, na vingine vyote vikawa vinasubiri zamu. Alipika maharagwe kilo 1 na nusu, na mchele kiasi hichohicho. Hakuna aliyepiga hesabu kwamba mchele kilo 1 hutoa wali wa karibu kilo 2 na nusu hadi 3, na maharagwe makavu nayo huongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa watu wanne, wawili kati yao watoto, ule ulikuwa mlima. Juu ya hayo kulikuwa na mchuzi wa kuku, mboga za majani zilizopikwa zote, na bakuli kubwa la saladi iliyokwisha kutiwa chumvi na ndimu.

Saa 9 alasiri alizima moto. Sufuria tatu kubwa, ya wali, ya maharagwe na ya mchuzi, zikabaki juu ya jiko zimefunikwa ili zipoe kwanza. Mama akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na usingizi ukamchukua. Aliamshwa na Mdogo. Ikawa zamu ya kuogesha, kazi za shule, nguo za kesho. Saa 4 usiku ndipo sufuria zilipokumbukwa.

Aligusa ubavu wa sufuria ya maharagwe, ukawa wa baridi. Alipozamisha mwiko katikati ili ajaze chombo cha kwanza, rojo zito la katikati lilikuwa bado vuguvugu. Alijaza vyombo hadi ukingoni, akavibana kwenye friji kimoja juu ya kingine mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa na goti. Alilala saa 5 na nusu usiku.

Jumatatu hadi Ijumaa

Jumatatu ilikuwa sherehe. Saa 12 na dakika 40 wote wanne walikuwa wanakula, na Mama alinitumia picha. Jumanne pia ilikwenda vizuri, isipokuwa saladi, ambayo ilikuwa inaelea kwenye maji yake yenyewe.

Jumatano Baba alifunua chombo, akakitazama, akauliza kwa upole, "Mke wangu, kiporo tena?" Wali ulikuwa umekauka punje punje, mboga zimebadilika rangi. Mdogo alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Alhamisi, Mama alipofungua chombo cha maharagwe, juu palikuwa na vipovu vidogo na harufu ya kuchacha. Alimwaga vyombo 6 siku hiyo. Ijumaa walinunua chakula nje.

Jumamosi alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeaibika, na hilo lilinisikitisha kuliko maharagwe. "Dada, mimi ratiba haziniwezi. Tuache tu."

Nilimwomba anipe Jumamosi moja kabla hajaamua.

Friji ilichosema

Nilikwenda na kipimajoto kidogo cha friji. Tulikiweka ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, kikalala humo. Asubuhi ya Jumapili Mkubwa alinisomea namba kwa simu: 9.

Friji salama inatakiwa isizidi nyuzi 5 za Selsiasi, na nyuzi 4 ni bora zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa kanuni zake tano za chakula salama mwaka 2001, moja ilihusu joto la kuhifadhia: chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, kiwekwe haraka chini ya nyuzi 5, na kinachosubiri kuliwa kikiwa cha moto kibaki juu ya nyuzi 60. Kati ya namba hizo mbili vijidudu huzaana kwa kasi. Sufuria za Jumapili ile zilikaa nje saa 7, kisha zikaingia kwenye friji ya nyuzi 9 zikiwa bado na joto, na joto hilo likapandisha la friji zaidi. Kitufe cha friji kilikuwa kwenye namba 2, kimewekwa hapo zamani ili kuokoa umeme. Tulikisogeza hadi 4, na kesho yake kipimajoto kikasoma nyuzi 4.

Nataka nikae kidogo kwenye wali, kwa sababu ndio unaodharauliwa. Mchele una vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa katika joto la chumba, mbegu huamka, vijidudu huzaana na kutoa sumu inayoleta kutapika. Sumu hiyo haiharibiwi na kupasha moto. Wengi hudhani wali uliolala juu ya jiko unasafishwa kwa kuuchemsha tena hadi utoe mvuke, na ndiyo maana huwa nalisema jambo hili kwa ukali. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Uingereza hushauri wali upozwe ndani ya saa 1 na uliwe ndani ya saa 24. Kwa vyakula vingine vilivyopikwa, Marekani hushauri visizidi siku 3 hadi 4 kwenye friji. Ukitazama namba hizo, utaona kwamba mpango wetu wa siku 7 ulikuwa umeshindwa kabla jiko halijawashwa.

Hakuna aliyeumwa nyumbani mle. Ilikuwa bahati, na niliwaambia hivyo waziwazi.

Mpango wa pili na sababu zake

Tuliketi mezani wote watano. Uamuzi wa kwanza, ambao mengine yote yalitoka kwake, ulikuwa kuacha kupika milo na kuanza kuandaa viungo vya mlo. Jumapili hatupiki chakula cha Alhamisi. Tunatengeneza vitu vinne: maharagwe yaliyochemshwa bila kuungwa, kuku aliyechemshwa na kuchambuliwa, rosti ya vitunguu na nyanya iliyokaushwa ikawa nzito, na vitunguu, karoti na pilipili hoho zilizokatwa zikawekwa kwenye chombo kinachofunga vizuri. Jioni mtu anachukua viwili au vitatu kati ya hivyo na kuvimalizia motoni. Kuku na rosti vinakuwa mchuzi. Maharagwe na rosti yanakuwa mlo mwingine. Kuku, mayai na karoti vinaingia kwenye wali uliokaangwa.

Hapo ndipo suala la kiporo lilipopata jibu, na jibu lilinifundisha na mimi. Baba hakuwa anakataa chakula kilichokaa kwenye friji. Alikuwa anakataa chakula kisichonukia. Mama alipoanza kukaanga kitunguu kibichi kidogo kwenye mafuta kabla ya kumimina maharagwe ya Jumapili, harufu ilijaa nyumba, na hakuna aliyetaja kiporo tena. Kitunguu hicho huchukua dakika 4 tu. Ukiwa na mtu nyumbani anayelalamikia viporo, anzia hapo.

Uamuzi wa pili: Jumapili inatosha siku 3 tu. Kikao cha pili, kifupi, kinakuwa Jumatano jioni. Kinachotakiwa kufika Alhamisi na kuendelea kinaingia friza siku hiyohiyo ya Jumapili, kikishapoa, kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kugandisha hakuui vijidudu, kunavisimamisha tu, kwa hiyo hakuna faida ya kusubiri hadi Jumatano ndipo ugandishe kilichoanza kuzeeka. Maharagwe, rosti na michuzi hustahimili barafu vizuri. Viazi vilivyochemshwa hugeuka kuwa kama sifongo, na tango au majani ya saladi hutoka yamelegea, kwa hiyo vitu hivyo havikuingia friza kabisa. Kilichogandishwa kinahamishiwa rafu ya chini ya friji usiku uliotangulia. Hakiachwi juu ya meza kiyeyuke.

Uamuzi wa tatu ulihusu kupoza, na tuliufanyia mazoezi kwa mikono. Sufuria ikiipuliwa inawekwa ndani ya beseni la maji baridi na kukorogwa, maji yakipata joto yanabadilishwa. Kisha chakula kinagawiwa kwenye vyombo vya chini, kina kisizidi sentimita 5, mifuniko imeegeshwa tu hadi mvuke ukome, halafu vinaingia friji vikiwa vimeachiana nafasi hewa ipite. Mama alinyoosha kidole chake cha shahada akapima kina cha chombo, kikaishia kwenye pingili ya pili. Tangu siku ile hicho ndicho kipimo cha nyumba: pingili mbili. Kwa kuwa alishasinzia mara moja, alitega saa ya simu ilie dakika 90 baada ya kuzima moto.

Wali tuliutoa kabisa kwenye Jumapili. Unapikwa jioni ya siku unayoliwa, na kwa kuwa vingine vyote viko tayari, dakika 20 za wali ndizo dakika za kuoga.

Saladi ikabaki, lakini haitiwi chumvi kabla ya wakati. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga, na hicho ndicho kilichoizamisha Jumanne ile. Mboga za majani zikawa zinaoshwa, zinakaushwa kabisa na kufungwa kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jani linaloingia friji na maji huoza mapema. Zinapikwa jioni yenyewe kwa dakika chache.

Jioni moja kwa wiki tuliiacha wazi. Nililisisitiza hili ingawa Mama alilipinga, akiona ni kujiruhusu kushindwa. Hoja yangu ilikuwa kwamba kila nyumba ina siku moja inayoharibika, ya mgeni, ya foleni, ya homa ya mtoto, na mpango usio na nafasi ya siku hiyo huvunjika nayo.

La mwisho lilikuwa karatasi kwenye mlango wa friji. Kila chombo kinabandikwa tepu ya karatasi yenye jina na siku kilipopikwa, na kila kinachotolewa kinafutwa kwenye orodha. Mkubwa aliomba kazi hiyo mwenyewe.

Wiki nane zilizofuata

Jumapili ya kwanza ya mpango mpya tuliandaa vitu viwili tu, maharagwe na rosti. Nilikataa kuongeza. Maharagwe nusu kilo yalilowekwa Jumamosi usiku, maji yakamwagwa asubuhi, yakabandikwa kwa maji mapya na kuchemka kwa nguvu nusu saa ya mwanzo kabla ya kupunguziwa moto. Huko kuchemka kwa nguvu ni kwa ajili ya usalama: maharagwe mekundu yakiwa hayajaiva yana kitu kinachochafua tumbo vibaya, na moto mdogo pekee haukiondoi. Wakati yanachemka, Mama alikata vitunguu na kukaanga rosti. Saa 1 na dakika 20 baadaye jiko lilikuwa safi. Alisimama katikati ya jiko akaniuliza, "Basi, ndiyo hivyo tu?"

Kuku aliongezwa wiki ya pili, mboga zilizokatwa wiki ya tatu. Kuku mbichi alipewa ubao wake na kisu chake, na alikatwa mwisho, mboga zikiwa zimeshaondolewa mezani.

Kufikia wiki ya nne, kwa daftari la Mkubwa, chakula cha kununua kilikuwa kimeshuka kutoka jioni 4 hadi moja, nayo ni ile jioni ya wazi. Muda kutoka kuwasha moto hadi kula ulikuwa dakika 25 hadi 30. Kilichotupwa wiki hiyo kilikuwa nusu ya hoho.

Kisha ikaja wiki ya tano. Zamu za Mama zilibadilika, kikao cha Jumatano hakikufanyika, na Alhamisi hapakuwa na kitu kilichotolewa friza. Wiki ya sita ikawa vilevile. Nilipowatembelea, Mama alikuwa amekonda usoni. Nikamuuliza anapumzika lini. Akahesabu kwa vidole: Jumamosi anafanya manunuzi, Jumapili yuko jikoni, Jumatano usiku yuko jikoni tena. Jioni zilikuwa zimepungua uzito, lakini uzito wenyewe ulikuwa umehamia siku nyingine huku ukibaki mgongoni kwa mtu yuleyule.

Nilimwomba Baba tuzungumze wote watatu. Hakuwa mzembe; alikuwa anaosha vyombo kila siku, na anadhani hilo ndilo fungu lake. Alipoulizwa nini kimebaki friza, hakujua. Alipoulizwa maharagwe hulowekwa lini, hakujua. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Jumatano niachieni mimi." Mama akajibu, "Mume wangu, si kupika tu. Na kukumbuka pia."

Alichukua vyote viwili. Jumatano ya kwanza aliunguza rosti. Ya pili alichemsha mayai 10 na kuchambua kuku, akaishia hapo, na ilitosha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuandaa viungo badala ya milo. Mlo uliokwisha kupikwa wote unakulazimisha: Alhamisi utakula kile ulichokitaka Jumapili. Kiungo kinakupa uhuru, na bado kinajibu swali la saa 12. Ukifungua friji ukakuta maharagwe na rosti, swali la tunakula nini limejibiwa nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa inamwangusha Mama. Ilinichukua wiki nzima kurudi kwenye maneno yake ya siku ya kwanza.

Daftari la wiki ya mwanzo nalo lilisaidia kuliko nilivyotarajia. Bila hilo tungebishana kuhusu uvivu na muda. Kwa kuwa Mkubwa alikuwa ameandika kilichokuwa ndani ya friji usiku wa kununua nje, hakuna aliyeweza kusema tatizo ni kukosa chakula.

Kilichoshindwa mwanzoni kilikuwa na mizizi miwili, na ni vyema kuitofautisha. Mmoja ulikuwa wa joto: sufuria kubwa, vyombo vya kina kirefu, friji iliyowekwa vibaya. Huo hutibika kwa kipimajoto na beseni la maji. Mwingine ulikuwa wa kiasi: mapishi 5 na siku 7 kwa mtu ambaye hajawahi kuandaa hata kitu kimoja mapema. Hata kama kila chombo kingepozwa ipasavyo, Jumatano ingewakuta wamechoshwa na ladha ileile, na Jumapili nyingine Mama asingekubali kusimama saa 6. Watu wengi hurekebisha mzizi mmoja wakadhani wamemaliza.

Kosa langu kubwa lilikuwa kupunguza mapishi kutoka 7 hadi 5 badala ya kuuliza kama mapishi ndiyo yanayohitajika. Lingine lilikuwa kutouliza mapema nani anabeba kazi ya kukumbuka. Mpango wa chakula una mapishi, na una hesabu inayokaa kichwani: nini kimebaki, nini kinaelekea kuharibika, nini kiloweshwe leo. Orodha ya mlangoni ilihamisha sehemu ya hesabu hiyo kutoka kichwani kwa Mama hadi kwenye karatasi, lakini karatasi bila msomaji wa pili bado ni mzigo wake. Leo ningemwita Baba kwenye mazungumzo ya kwanza kabisa, nimpe siku yake tangu wiki ya pili, na nimwache aunguze rosti mapema.

Kuhusu kuanza, ningekuwa mkali zaidi. Wiki ya kwanza sufuria moja ya maharagwe, basi. Ipoe vizuri, ibandikwe tepu, iliwe Jumatatu na Jumanne, sehemu iende friza. Anayeweza hilo kwa wiki mbili mfululizo ameshajifunza kuloweka, kupoza, kugawa, kugandisha na kupasha moto, na hayo ndiyo yote. Kupasha moto nako kuna utaratibu wake: toa kiasi cha mlo mmoja tu, kichemke hadi katikati, kisichoisha kisirudi tena kwenye friji.

Lipo ambalo hatukulimaliza. Chakula cha mchana cha watoto shuleni bado kinatayarishwa asubuhi kwa haraka, na tulichojaribu kukiingiza kwenye Jumapili kilirudi nyumbani hakijaguswa. Mdogo anapenda kuku akiwa wa moto na hamtaki akiwa baridi, na simlaumu.

Nilipokwenda kwa mara ya mwisho ilikuwa Jumatano. Baba alikuwa na kisu mkononi na macho yanamtoka machozi ya vitunguu, Mama hajafika. Nilifungua friza kuangalia nafasi. Kwenye rafu kulikuwa na vyombo viwili vya chini, na kwenye tepu ya cha kwanza Mkubwa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MAHARAGWE. JUMAPILI. SI YA LEO, NI YA KESHO.